Waya Uliopita Dirishani Kwangu

Dada yangu alinifuta kwenye mazishi ya mama yetu. Sisemi kwa mafumbo. Alimwambia mpiga video anitoe, mpiga video akanitoa, kisha video ikatumwa kwenye kundi la familia. Ndugu zetu wa Urambo na Ziba wakaitazama kwenye simu zao, wakalia, wakaandika pole, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mbona mimi simo.

Mwisho wa video ile kulikuwa na picha ya dada amevaa nyeusi, amezungushiwa maua yanayochanua na kufumba yenyewe, na chini yake maandishi ya dhahabu yakipita polepole: "Shukrani kwa binti aliyemuuguza mama yake mpaka pumzi ya mwisho." Niliyasoma nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha mama. Godoro lilikuwa bado na ile nailoni niliyolifunikia mwenyewe ili mkojo usipenye, na kila nilipojigeuza ilikuwa inalia chini yangu.

Mama alipopata kiharusi nilikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kadi za harusi, karibu na stendi. Dada alikuwa Dar es Salaam na kazi yake ya ofisini, mume wake na watoto wake. Mimi mume alishakwenda zake na watoto walishaanza maisha yao. Kwa hiyo hapakuwa na kikao cha kuamua nani atamtunza mama. Nilifunga kibanda, nikaipakia kompyuta yangu kwenye bajaji, nikaja nayo Isevya nyumbani kwa mama, nikaiweka katika chumba changu cha zamani. Wateja waliotaka kuchapiwa wakawa wananifuata huko huko.

Chumba cha mama kilikuwa upande wa pili wa sebule. Upande mmoja wa mwili wake ulikuwa umelala kabisa na ulimi ulikuwa mzito, lakini macho na masikio yalikuwa mazima, na akili ilikuwa ile ile ya kugombana na mtu kwa sababu ya chumvi. Televisheni tuliiweka miguuni pa kitanda. Tatizo ni kwamba mama hakutaka mambo ya televisheni, alitaka kwaya. Alitaka kwaya za kanisani kwetu Moravian, na zile ngoma za Kinyamwezi zilizorekodiwa kwenye sherehe za watu, na vyote hivyo vilikuwa ndani ya kompyuta yangu. Televisheni yenyewe ilikuwa kuukuu, tundu lake la flashi limekufa. Kompyuta nayo sikuweza kuihamishia kwake, maana nilikuwa nafanyia kazi, na wateja wasingeingia chumbani kwa mgonjwa.

Nikaamua kupitisha waya.

Wa kwanza ulikuwa mrefu na mwembamba, nikaufurahia kwa sababu ulikunjika kirahisi kama kamba ya kiatu. Picha ilikuja na chembe nyeupe, kama mtu anapepeta unga mbele ya kwaya. Friji ya sebuleni ikiwaka, picha inakatika. Mama alikuwa na kijiko kwenye mkono wake mzima, akikigonga kwenye chuma cha kitanda na kuita, "Mekatika!" Nakimbia, nachomoa, nachomeka, inarudi, nikikaa tu friji inawaka tena.

Nikatafuta mwingine, mnene kama kidole, mgumu, hautaki kukata kona. Niliupitisha juu ya milango yote miwili, nikaubana ukutani kwa vipande vya mpira wa baiskeli na misumari. Nikachomeka huku na huku. Hakuna kitu. Mchana wote nilizunguka kati ya vyumba viwili nikibonyeza kila kinachobonyezeka, mama akinitazama kwa jicho la kusema mwanangu umeshindwa. Jioni ndipo nilipoona herufi ndogo zimechongwa kwenye ncha za waya, zinazoonyesha kuwa ncha moja ni ya kompyuta na nyingine ni ya televisheni, na kwamba haziruhusiwi kubadilishana. Nilikuwa nimeugeuza. Nikauchomoa wote kwenye mpira na misumari, nikaupitisha upya, na kwaya ikatokea safi mpaka vifungo vya mashati vinaonekana. Mama alicheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki.

Tangu siku ile tuliishi hivyo. Mimi nachapa mitihani ya shule na katiba za vikundi, huku nikimchagulia nyimbo. Akigonga kijiko polepole anataka wimbo mwingine. Akigonga kwa haraka, amejichafua, naacha kila kitu nakwenda. Dada alikuwa anakuja kila mwisho wa mwaka na keki. Anakaa pembeni ya kitanda, anamshika mama mkono mpaka picha itoke, kisha anatoka nje kuzungumza na simu kwa sababu chumbani hewa ni nzito. Sikumlaumu. Nilikuwa najiambia kwamba kila mtu na moyo wake, na wa dada ni wa mbali. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najiambia.

Mama akafariki. Dada akafika na mpiga video aliyemkodi hapa hapa mjini. Mimi nilikuwa kwenye mafiga, nahangaika na maji na masufuria ya kuazima, nimejifunga kanga ya bluu iliyopauka. Tulimzika shambani kwetu upande wa Kwihara, kando ya ile njia ya zamani ya misafara ya Ujiji, ambayo siku hizi inapitwa na baiskeli za mkaa. Udongo ulipoisha kutupwa niliwatangulia watu kurudi nyumbani kuandaa maji ya kunawa. Kamera niliiona, lakini mtu aliyefiwa na mama yake hana muda wa kamera.

Baada ya ile video kutumwa, nilimpigia dada.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba mdogo wangu. Umeiona? Watu wamelia huku ofisini."

"Nimeiona. Mbona mimi simo?"

"Humo kivipi? Si ulikuwepo pale?"

"Nilikuwepo. Kwenye video sipo."

Akavuta pumzi kama mtu anayemvumilia mtoto. "Basi itakuwa ni mpiga video huyo. Na wewe nawe, mama amelala kaburini, unahesabu picha?"

Nikamwomba radhi. Ndiyo, mimi ndiye niliyeomba radhi. Nilikata simu nikiwa na aibu ya mtu mwenye choyo, na aibu hiyo nikakaa nayo mpaka siku nilipokwenda kwa mpiga video.

Sikwenda kwa ugomvi. Nilitaka nyimbo tu. Kwaya ya mama ilikuwa imeimba nyimbo nyingi pale kaburini, na katika video zimekatwa vipande vipande ili kumpisha dada. Mpiga video alikuwa na chumba kidogo nyuma ya soko, kina pazia jekundu la kupigia picha za pasipoti. Alikuwa kijana mstaarabu, akanipa kiti, akaitafuta kazi ile kwenye mashine yake. Picha zote alizopiga zilikuwa bado zipo kama zilivyotoka kwenye kamera. Tukakaa kuzitazama pamoja ili nimwonyeshe nyimbo ninazotaka.

Ikatokea picha ya uani. Mwanamke wa kanga ya bluu anapita na ndoo.

"Huyu hapa alinipa kazi kweli," akasema, huku akicheka. "Kila ninapogeuza kamera yupo. Mwenye shughuli akaniambia ni dada wao wa kazi, nimwondoe, anaharibu picha. Kumtoa mtu aliye kila mahali si mchezo."

Akaendelea kusogeza picha. Yule mwanamke akatokea tena, safari hii kwa karibu, amegeuka kuitazama kamera. Kijana akasimamisha. Akakitazama kioo, akanitazama mimi, akarudi kwenye kioo. Kicheko kikamwisha usoni.

"Mama," akasema, "ni wewe?"

"Ni mimi. Marehemu ni mama yangu mzazi."

Alisimama kabisa, sijui kwa nini, akawa amesimama mbele yangu kama mwanafunzi. Aliniomba samahani mara nyingi kuliko nilivyohitaji. Mimi nikamwambia hana kosa, ametii aliyemwita. Nikamwomba kitu kimoja tu, anipe picha zote, si nyimbo peke yake. Akanijazia kila kitu kwenye diski niliyokuja nayo.

Niliporudi Isevya nilijifungia, nikaziangalia tangu mwanzo. Mwanzo nilikuwa najitafuta mimi. Nilijiona nabeba kuni, namfunga mama mdogo kanga iliyomdondoka, nashikilia mlango jeneza litoke. Nikasikia sauti ya kijana nyuma ya kamera ikisema, "Dada wa kazi, sogea kidogo," na sauti ya dada yangu ikijibu kwa mbali, "Ndiyo, mtoe huyo, ni msaidizi wa nyumbani." Kwa hiyo haikuwa maneno ya kijana tu. Ilikuwa sauti yake.

Kisha nikafika kaburini, na huko nikakuta nisichokitafuta.

Watu wameshaanza kurudi nyumbani. Dada amebaki na shada la maua, ameinama, anaomboleza, "Mama, umeniacha na nani!" Kilio kizuri, kirefu. Mara anasimama, anajifuta, anageukia kamera na sauti yake ya ofisini. "Ulikuwa umeshawasha? Mbona taa yake haikuwaka? Ngoja nirudie." Analiokota shada kutoka juu ya kaburi. Anatingisha udongo. Anamuuliza kijana kama kilemba kimekaa sawa. Anarudi nyuma hatua kadhaa, anakuja tena, anaanguka magoti, "Mama, umeniacha na nani!" Nyuma yake kwenye njia kuna mtu wa baiskeli ya mkaa. Amesimama kwa heshima, amevua kofia. Wakati dada anajiandaa kuanza upya, mtu huyo anaonekana anataka kuvaa kofia aondoke, kisha analiona shada linarudi, anaivua tena.

Nilirudisha kipande kile nikakitazama mpaka nikakikariri. Sikulia. Kitu kilichonijia hakikuwa uchungu. Kilikuwa na joto zuri, kama uji unaposhuka kwa mtu mwenye njaa. Nilijua nitakitumia, ila sikujua lini.

Dada mwenyewe ndiye aliyenipa siku. Mwaka ulipokaribia kutimia, akaandika kwenye kundi la familia kwamba tutamjengea mama kaburi, tutakuwa na ibada, na baada ya chakula wazee wote waitazame video ya mazishi "kwa ukubwa unaostahili". Akasema atakuja na televisheni mpya kubwa, iwe zawadi kwa nyumba. Watu wakamsifu. Mimi nikaandika, "Ahsante dada. Mungu akubariki."

Kisha nikaanza kazi.

Wageni wasingeenea sebuleni, hilo lilijulikana. Televisheni ingekaa barazani na watu uani chini ya turubai. Na mimi nilitaka kompyuta ibaki chumbani kwangu, mlango ukiwa na komeo kwa ndani, ili mtu asije akaninyang'anya kipanya. Kwa hiyo ulitakiwa waya utakaotoka dirishani kwangu, uzunguke pembe ya nyumba, ufike barazani. Ule mnene wa mama haukutosha. Nikatafuta wa pili na kidude cha kuunganishia. Nikafanya majaribio kwa televisheni kuukuu ya mama. Picha ikaja, ikakata, ikaja, ikakata. Nikajua maungio yanainyonya nguvu. Nikaongeza kikasha kidogo cha kuipa picha msukumo, kinachokula umeme wake chenyewe, nikapunguza ukubwa wa picha kwenye kompyuta, ikatulia. Ukichomeka wakati vyombo vyote vimewaka, chuma cha waya kinakutekenya kidole kwa umeme, kwa hiyo nikajifunza kuchomeka kwanza na kuwasha baadaye. Niliupitisha juu ya kamba ya kuanikia nguo ili kuku na watoto wasiukanyage. Nilifanya jaribio baada ya jaribio. Jirani akaniuliza kama nafungua kibanda cha kuonyesha mpira.

"Hapana," nikamwambia. "Ni kwa ajili ya mama."

Siku ikafika. Mama mdogo alikuja kutoka Ziba na gunia la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, mjomba akatoka Urambo na wake zake. Tulikwenda shambani, mchungaji akaomba, vigae vya kaburi vikang'aa, dada akalia kwa kiasi. Tukarudi nyumbani tukala. Kisha televisheni ikatolewa kwenye boksi lake, kubwa kuliko dirisha, ikasimamishwa barazani, tukaizibia jua kwa kanga. Dada akachomeka flashi yake. Kioo kikaandika kwamba hakiwezi kulisoma faili lile. Akachomoa, akapuliza, akachomeka. Vile vile.

Hilo sikulipanga. Nilikuwa nimejiandaa kumshawishi, sasa sikuwa na haja.

"Mdogo wangu," akaniita mbele ya watu wote, "wewe si mtu wa nyaya? Hebu tusaidie."

"Naunganisha sasa hivi, dada. Nipe hiyo flashi."

Nikauchomeka waya nyuma ya televisheni yake. Nikaingia ndani, nikafunga komeo, nikawasha. Nikasikia uani watu wakisema, "Aaah!" Picha ilikuwa imefika.

Nilianza na video yake kama alivyotaka. Niliiacha iende. Mimi mbele yangu nilikuwa na kioo changu, na nyuma ya pazia lilikuwepo dirisha, kwa hiyo niliona walichokiona na kusikia walivyokipokea, ila nyuso zao sikuziona. Hilo lilinisumbua kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nimepanga kila kitu kuhusu waya ule isipokuwa kwamba ungeniweka mbali na uso wa dada yangu.

Nikasikia mama mdogo akijipenga. Mjomba akasema, "Maskini dada yangu." Video ikafika kaburini, kile kilio cha pili, kizuri, na muziki wa kinanda chini yake. "Mama, umeniacha na nani!" Wanawake wawili uani wakaanza kulia naye.

Hapo nikaifunga. Kioo kikawa cheusi.

"Imekatika!" mtu akaita.

"Subirini," nikajibu kupitia dirishani. "Inarudi."

Nikafungua picha za kamera. Nikaanza na uani. Mwanamke wa kanga ya bluu na ndoo. "Dada wa kazi, sogea kidogo." "Ndiyo, mtoe huyo, ni msaidizi wa nyumbani."

Nikasikia mtoto anaulizia soda, akanyamazishwa.

"Hiyo sauti ni ya nani?" Huyo alikuwa mama mdogo.

Sikusubiri ajibiwe, nikapeleka picha kaburini. Kilio cha kwanza. Kusimama. "Ulikuwa umeshawasha? Mbona taa yake haikuwaka? Ngoja nirudie." Shada likaokotwa. Kilemba kikaulizwa.

Kwanza alicheka mtoto. Halafu akacheka mmoja wa wake za mjomba, kicheko cha kukibana kinachotokea puani. Halafu nikasikia visigino vya dada yangu vinakimbia sebuleni, na mlango wangu ukapigwa.

"Fungua! Zima hiyo kitu! Umechanganyikiwa?"

Sikufungua. Nikasikia anarudi mbio barazani, nikajua anakwenda kuuchomoa waya. Sikuwa na la kufanya hapo. Mkono wangu haukufika huko.

Lakini mama mdogo alifika. "Usiguse," akasema. Hakupaza sauti. "Kaa chini. Haya ni mazishi ya dada yangu, na mimi nataka kuyaona yote."

"Mama mdogo, huyu ananidhalilisha..."

"Kaa chini, mwanangu."

Na mjomba, ambaye macho yake hayakuwa mazuri, akaita kuelekea dirishani kwangu, "Hebu rudisha hapo pa shada! Sikuona vizuri!"

Nikarudisha. Nikarudisha tena bila kuombwa. Mtu wa baiskeli alivua kofia, akataka kuvaa, akavua, na safari hiyo uani pote palicheka, watu wazima, wenye vilemba vya msiba, wakicheka mpaka viti vya plastiki vinalia. Nilikaa na kipanya mkononi, nimejaa furaha. Ni furaha niliyoisikia mpaka kwenye meno.

Nilipotoka, dada alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na televisheni yake, mkoba mapajani kama mtu anayesubiri treni. Alinitazama. Nilikuwa nimejiandalia maneno mwaka mzima, na yote yalikuwa mdomoni.

"Niliteleza ulimi tu," akasema kabla sijafungua mdomo. "Niliulizwa ghafla. Nilikuwa na msiba."

"Kipi ulichoulizwa ghafla?" nikamwuliza. "Mimi ni nani?"

Mama mdogo akamwambia, "Mjibu."

"Ni mdogo wangu."

"Na mama yenu aliuguzwa na nani?"

Dada akawatazama watu. Alitafuta uso mmoja wa kumsaidia, nikauona anavyoutafuta, na ule ndio uso niliokuwa nimeukosa kule chumbani. Nikautazama wote. "Na huyu," akasema.

Aliondoka kesho yake na basi la alfajiri bila kuniaga. Televisheni aliiacha, sijui kwa sababu alishasema ni zawadi au kwa sababu hakuweza kuibeba.

Asubuhi hiyo mama mdogo aliamka akanikuta jikoni, nachemsha michembe yake. Akakaa kwenye kigoda.

"Umefurahi?" akauliza.

"Nimefurahi."

"Ulikuwa na haki ya ile ya msaidizi wa nyumbani. Ile ningekupa mimi mwenyewe nguvu uionyeshe." Akachukua kipande cha mchembe akakipuliza. "Ile ya kilio ulitupa ya nini?"

"Ili waone."

"Watu wamecheka kwenye msiba wa dada yangu. Na mimi nilicheka. Nimeamka na jambo hilo moyoni."

Ningeweza kusema samahani, nilivyosema kwenye simu mwaka uliotangulia kwa kosa ambalo halikuwa langu. Niliona samahani yangu imeshatumika. Nikamwongezea chai. Akanywa, akasema michembe imeiva, na hatukulizungumza tena jambo lile mpaka nilipomsindikiza stendi.

Wiki chache baadaye dada aliandika kwenye kundi la familia, bila salamu: "Naomba ieleweke kuwa mama yetu aliuguzwa na mdogo wangu kwa miaka yote ya ugonjwa wake. Mimi nilikuwa mbali." Watu wakaweka mikono ya kushukuru na mioyo. Mjomba akaandika kwa herufi kubwa, MUNGU NI MWEMA. Nilisoma ujumbe ule nimesimama foleni ya kununua umeme. Niliusoma mpaka mtu wa nyuma akanisukuma. Sikuujibu. Najua aliniona nimeusoma.

Video nimeitengeneza upya. Nimeziweka nyimbo zote za kwaya, kamili, bila kuzikata, na kila anayetaka namjazia kwenye flashi. Dada yumo, nyuma nyuma, kama mtu yeyote aliyekuja kuzika. Waya nimeushusha kwenye kamba ya nguo, nikaupitisha ndani kama zamani, ila sasa unaishia sebuleni kwenye televisheni kubwa. Nikiwa nachapa, naweka nyimbo, na sauti inanifikia kupitia mlangoni.

Dada alianza kunipigia mvua za kwanza ziliponyesha. Alianza na mchana wa Jumapili, wakati anapojua nimetoka kanisani. Simu inaita mezani pembeni ya kompyuta, jina lake linawaka, na mimi namalizia sentensi niliyokuwa naichapa. Nimesikia kutoka kwa mama mdogo kwamba anataka tuzungumze, kwamba amekonda, kwamba analia kweli. Inawezekana. Jumapili iliyopita aliita mpaka simu ikachoka, ikanyamaza, akapiga tena. Niliigeuza kifudifudi, nikaendelea na kadi ya harusi ya watu.